Foufou ya Siku ya Kufunga

Butembo, tarehe 11 mwezi wa tatu 2003

Yaya Solange, Rébecca amesema! Mutoto wako amefungua kinywa na sauti imetoka, sauti yake mwenyewe, imekwaruza kidogo sawa mulango yenye haikufunguliwa miezi ine, mais ni yake. Batu makumi mbili na tatu balisikia, niko na majina yao. Kaa chini, kunywa maji, kisha umuite shemeji Maliro umusomee mistari hii. Ile yenye inafuata, yaya, usome kwanza wewe peke yako.

Sasa nipige hodi vizuri, juu mama yetu hakutufundisha kuingia mu nyumba ya mutu na kelele. Habari ya kwenu Bungulu ya Beni? Muko na afya? Bega ya shemeji inapona, ao anaendelea kulalia upande moja tu? Boutique inafunguliwa? Huku kila mutu wa pikipiki anapanda na habari yake ya Beni, moja anasema kumetulia, mwingine anasema batu banalala na viatu, na mimi nakaa katikati bila kujua nisali sala gani. Sisi tuko. Baridi ya Butembo unaijua, asubuhi tunavaa pagne mbili. Baba Lusenge yuko Lubero kwa shamba ya petits pois, njegere zetu, anakusalimia sana. Batoto banakula. Mbuzi moja haiko tena, utasikia juu ya nini.

Juu ya diplôme, yaya! Najua Aruna alikuambia, mais Aruna ni dreva, anasema mambo mbio sawa anafukuzwa. Lusenge wangu amepata diplôme na pourcent sabini na moja. Matokeo ilichelewa miezi saba juu ya vita, tulisha kuanza kufikiri kama karatasi zake bamezifungia karanga ku Kinshasa. Kisha siku moja akaingia, akasema sabini na moja kwa sauti ya pole, sawa mutu anakuambia saa. Mu shule yao moja tu njo alimupita, na ule ni mutoto wa préfet, mukubwa wa shule, donc hatumuhesabu. Mimi mwenye nilisimamia ku mwaka wa ine wa primaire, nimezaa sabini na moja! Palepale nilisema mbuzi itakufa. Na ikakufa, tarehe 22 ya mwezi wa pili, jumamosi, siku ya posho. Mais mbele ya mbuzi nikuelezee kwanza samaki, juu habari ya sauti ya mutoto imetokea mu samaki.

Unakumbuka namna Rébecca alifika kwangu. Aruna alimushusha mwezi wa kumi na mbili na kifurushi chake kidogo, akaniambia kama njia yote hakusema kitu, hata jina. Alikuwa anaangalia batu ku midomo. Hakulia. Hakukula pia. Sahani ilirudi sawa ilienda, na wewe unanijua, mutu akiacha chakula mu nyumba yangu nasikia sawa amenitukana mu soko. Kwangu hakuna mutu analala njaa. Hata wanajeshi balipita siku moja kuomba maji, balitoka bameshiba muhogo.

Njo jirani yetu Monsieur Phinées, professeur wa biologie wa Lusenge, alipata wazo. Ye anachungaka samaki mu nyumba, si za kula, za kuangalia. Zinaitwa gupi. Kila moja iko sawa ukucha ya kidole, na za kiume ziko na mukia ya rangi sawa pagne ya sikukuu. Mufanyabiashara moja alimuletea kutoka Kampala mu mufuko ya plastiki, zikashuka na avion ku kiwanja ya ndege ya Rughenda sawa bakubwa. Mimi nilicheka. Nilisema batu banakimbia vita na magodoro ku kichwa, ye anapandisha samaki mu ndege. Mais siku ya Noeli alileta sanduku ya kioo na samaki tano ndani, akaiweka mbele ya Rébecca, akamuambia kama hizi ni zake, na chakula yao iko mu mukono yake peke yake.

Akamupa karatasi ya chakula. Yaya, hata mugonjwa mu hospitali hapati karatasi ya namna ile. Professeur alituelezea kama samaki hapana kula kitu moja kila siku, juu ikikula kitu moja tu rangi inaisha, mugongo inapinda, na batoto banazaliwa bazaifu. Donc siku ya kwanza ni unga ya kopo, ile ya kushika na vidole mbili. Siku ya pili, batoto ba imbu, bale benye banacheza mu pipa ya maji ya mvula. Siku ya tatu, majani ya lengalenga ya kuchemusha na kuponda mpaka inakuwa sawa uji. Siku ya ine, petit pois moja, moja tu kwa samaki zote, yenye imetolewa ngozi. Siku ya tano kiini ya yai ya kuchemusha, kiasi ya ncha ya sindano, juu yai inachafua maji mbio. Siku ya sita, batoto ba imbu tena. Na siku ya posho, hakuna kitu. Zinafunga, ili tumbo ipumuzike. Kila siku chakula iishe mu muda ya Salamu Maria mbili. Yenye inabaki, kuitoa na kijiko. Alisema tena kama gupi zinakufa juu ya shibe kuliko juu ya njaa. Neno ile mimi nilisikia na sikio moja. Kufa juu ya shibe! Mu Butembo ya leo!

Mais ungemuona mutoto wako. Asubuhi, mbele ya kunawa uso, alikuwa ku pipa na kachujio. Mu soko alichagua petit pois sawa mwanamuke wa miaka makumi tano, anafinya, anarudisha, muuzaji anakasirika. Wakati njia ya Kasindi, ya kwenda Uganda, ilifungwa na unga ya kopo ikaisha, alitwaa ndagala, akazianika ku jua, akazitwanga na kuzichunga mu kitambaa mpaka ikakuwa unga laini, na Monsieur Phinées mwenyewe alikuja kuomba kidogo kwa samaki zake. Akisha kumwaga chakula, anasimama pale, midomo yake inaenda Salamu Maria mbili bila sauti, kisha anashika kijiko. Na ile yenye ilibaki mu jiko alikuwa anakula ye. Petit pois moja kwa samaki, sahani moja kwa Rébecca. Ncha ya sindano kwa samaki, yai yote kwa Rébecca. Mashavu ikarudi. Mwezi wa pili samaki zilisha kuwa kumi na moja, juu gupi hazitagi mayai, zinazaa batoto bazima benye banaogelea palepale. Siku ile ya kuzaa alinivuta na mukono mpaka ku kioo, anacheka. Anacheka, yaya, meno yote inje, bila sauti.

Sasa ile siku ya mbuzi. Batu balijaa: chorale yangu yote, mukatekista Ananie, bajirani, professeur. Foufou ya muhogo ilikuwa mu sahani sawa vilima vya Lubero, maharagi, mbuzi, kasikisi, pombe ya ndizi, tungi mbili. Nilipokea pongezi na asante, wasingya wasingya, mpaka masikio ikachoka. Diplôme niliizungusha mara tatu, mu plastiki, juu ya mikono ya supu. Mais Mama Mariette wa chorale, unamujua, ule mwenye anaanzisha wimbo hata kama si zamu yake, alisimama mbele ya kioo na kuuliza samaki zimekula nini. Lusenge akamujibu kama leo ni siku yao ya kufunga. Weee! Mariette akasema kwa sauti ya juu kama kumbe kwa Mama Lusenge kuko bageni benye banapewa harufu ya mbuzi tu, bila hata mufupa; kama diplôme imeingia na mulango ya mbele, ukarimu umetoka na ya nyuma; kama tumuachie hizi maskini azipeleke kwake, zikakule sawa batu. Batu balicheka mpaka kushika tumbo. Na mimi nilicheka. Mais ilinichoma hapa, fasi unajua. Halafu Lusenge akaita bote inje, juu mupiga photo alifika. Balitoka mbio. Mimi nilibaki nyuma kidogo, kutengeneza kitambaa ya kichwa.

Kesho yake asubuhi, siku ya Mungu, maji ilikuwa nyeupe sawa maziwa, inanuka, na samaki zote kumi na moja zimelala juu yake, tumbo zimevimba. Rébecca njo alikuwa wa kwanza kuona. Alikaa chini na kijiko mu mukono. Monsieur Phinées alikuja, akachungulia, akauliza pole pole nani alizipa chakula. Bageni benye balilala kwetu balikuwa pale, na Mariette pia alikuwa amerudisha sufuria. Bote bakamuangalia Rébecca, juu hakuna mwingine anagusaka. Na mimi nikasema kama mutoto ni mutoto, pengine alizidisha chakula juu ya furaha ya fête, hapana kumupiga. Hapana kumupiga! Batu balinisifu, balisema niko na roho mupole.

Kutoka siku ile alikaa mbele ya kioo yenye haina maji. Sahani ikaanza tena kurudi sawa ilienda. Petit pois hakutaka hata kuziona. Wiki mbili, yaya. Nilipika kila kitu chenye kinapikwa mu Butembo.

Halafu juzi, siku ya Mungu tarehe 9, chorale ilikuja kwangu kusali sala ya Kwaresima. Mukatekista Ananie alituomba kila mutu atafute ndani ya roho kosa lenye linamulemea, bila kulisema. Tukanyamaza. Mu kimya ile Rébecca akasimama, akanigeukia, akasema: “Pardon, mama-mudogo. Ni mimi niliua samaki. Siku ya kufunga nilizipa petit pois.”

Njo maneno yake. Vigelegele ilipasua bati. Mariette alilia mpaka akakaa chini, Ananie alipiga magoti, balimubeba mutoto ku mabega na kumuzungusha mu parcelle, kiwanja ya nyumba yetu. Na mwenye alipiga vigelegele kuliko bote ni mimi. Nilizunguka quartier nzima, nyumba kwa nyumba, nasema kama kwa Mama Lusenge bubu banasema na batoto banapata sabini na moja. Hakuna mutu alisikia maneno, yaya. Bote balisikia sauti tu.

Na tangu pale anasema neno moja. Pardon. Akiangusha kijiko, pardon. Tukikutana mu mulango, pardon. Jana mbuzi yenye inabaki ilimukanyaga muguu, akaiambia mbuzi pardon.

Si ye. Solange, si ye. Ni mimi.

Wakati bote balitoka juu ya photo, nilichukua bonge ya foufou sawa limau, nikaichovya mu supu ya mbuzi, nikaitia mu maji na kijiko ya maharagi juu yake. Nilizisemesha hata. Nilizikaribisha sawa bageni, nikaziambia zikule, Mariette asipate ya kutuchekea. Zilikuja zote mbio, nikafurahi. Kisha nikatoka inje, nikasimama katikati ya batu, nikashika diplôme. Photo ile niliitundika ku ukuta. Ukiangalia karibu utaona vidole yangu inaangaza mafuta.

Petit pois moja haiui samaki. Iko mu karatasi. Mutoto alizihurumia tu, akazipa kwa siri siku ya kufunga, na anaamini kama njo ilizimaliza. Mimi asubuhi ile nilinusa supu mu maji, nilijua mbele ya bote. Nilinyamaza juu nilikuwa mama wa sabini na moja, bageni balikuwa bado bananisifu, na Mariette angetangaza mpaka Rughenda kama Virginie ameua samaki za mutoto wa dada yake juu ya kiburi. Donc nilitupa kosa fasi yenye haina kinywa ya kujitetea. Nilijua hatasema. Ile njo inanikata, yaya, kuliko samaki: nilijua hatasema, na ikanisaidia.

Na kuko mubaya zaidi, hii hakuna mutu huku anaijua isipokuwa mimi na mutoto mwenyewe. Wewe njo ulinielezea ile siku ya barrière, wanajeshi banasimamisha magari: shemeji amejificha katikati ya mifuko ya kakao, juu ya camion, lori ya mizigo, wanajeshi bamesha kupita, na mutoto akaogopa akaita Papa, na soldat moja akageuka. Wiki tatu balimubebesha shemeji mizigo mu pori. Mutoto alikuwa tayari anabeba ile peke yake, bila kusema. Mimi mama-mudogo wake, mwenye ulinipa ye nimufiche, nikamuongezea samaki kumi na moja.

Jana Lusenge aliosha sanduku ya kioo ili airudishe kwa professeur. Chini ya jiwe alikuta ngozi ya haragi. Akaileta, akaiweka ku meza mbele yangu, akasema tu kama Rébecca hakuzipa maharagi hata siku moja. Kisha akatoka. Tangu jana ananisemesha sawa mutu wa inje, na sijamuuliza juu ya nini.

Donc leo asubuhi nilimufuata mutoto ku pipa. Alianza na pardon yake, nikamufunga kinywa na mukono, kisha nikaogopa, nikatoa mukono haraka. Nilikaa chini mu matope ili niwe chini ya macho yake. Nikamuambia yote: Mariette, foufou, supu, photo, na namna nilimuacha abebe. Nikamuambia kama anataka anipige, anipige. Hakulia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza neno mbili: “Na Papa?”

Ni hiyo tu. Bila pardon. Na Papa.

Nilimuambia hapana, mama, hapana, wanajeshi bale balikuwa banashusha wanaume bote ku kila camion, bangemukuta tu. Akaniangalia sawa unaangalia muuzaji mwenye alisha kukuibia mara moja ku kilo. Na ni haki yake. Mudomo yangu haina tena uzito kwake, hata ikisema kweli. Kwa samaki ningeweza kujibu. Kwa ile ingine kuko mutu moja tu mwenye anaweza.

Njo maana ya barua hii, yaya. Muje. Usije peke yako. Uje na shemeji, hata kama bega inauma, hata kama boutique inafungwa siku tatu. Ye mwenyewe amuambie mutoto wake nini alisikia kule juu ya mifuko, na kama alimukasirikia ao hapana. Nilisha kuongea na Aruna, mwenye anakuletea barua hii: atabaweka mbele pamoja naye mu cabine, na anasema wiki hii njia imepoa, ye na muke wake Aisha balipita bila shida.

Na mimi nitaita bote benye balisikia. Baba yetu alikuwa anasema neno yenye ilitokea mbele ya batu inarudishiwa mbele ya batu. Nitaita chorale, na Ananie, na Monsieur Phinées, na bajirani benye nilizungukia na vigelegele. Mariette nitamukalisha mbele kabisa. Nitasimama, nitasema foufou yangu na supu yangu, na namna nilimuuza mutoto ili nibaki mama mukubwa. Bacheke. Mariette akitaka atunge wimbo, ana sauti. Nikimaliza nitakaa na nitanyamaza, najua hautaamini, na shemeji atasimama.

Usinisamehe mu barua, nakuomba. Ngoja unione macho. Kama unaona ni lazima urudi naye Bungulu, nitamufungia kifurushi chake na sitabishana, hata kama nyumba itanishinda. Diplôme nimeitoa ku ukuta pamoja na photo, nimeiweka mu sanduku ya nguo. Lusenge hajauliza.

Unisalimie batoto moja moja kwa jina lake, unisalimie na bajirani bako bote ba Bungulu, bale benye balimuletea shemeji dawa wakati hakuna mutu alikuwa anatembea. Mungu abalinde njiani mukipanda. Muvae nguo ya moto, huku si Beni. Sikupi siku ya kuchagua, juu ukinipa siku ya mbali nitakimbia: ni siku ya Mungu, tarehe 23 ya mwezi huu wa tatu, nyuma ya misa ya pili, na bote nimesha kubaambia baje.

Mudogo wako,
Virginie